Jinsi ya Kuelewa Majina ya Sehemu za Meko na Majiko ya Kupasha Nyumba Joto

Anayetaka kununua jiko la kupasha nyumba joto, au kufufua meko ya zamani yaliyozibwa, hukutana na majina mengi kwa mkupuo: koo, kilango, hewa ya pili, bomba la ndani, kofia ya dohani. Fundi huyataja harakaharaka, na mnunuzi huitikia kwa kichwa ingawa hajaelewa. Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kuyasoma majina hayo kwa kuifuata hewa, tangu inapoingia motoni hadi inapotokea juu ya paa ikiwa moshi, kwa sababu karibu kila sehemu imewekwa pale ilipo ili kuileta hewa hiyo, kuipunguza, kuizungusha au kuitoa.

Kabla ya hapo, tofautisha vifaa vyenyewe. Meko ya wazi hujengwa ndani ya ukuta, na kuni huwaka humo bila mlango wa kuzifunika. Jiko la kusimama ni kasha lililofungwa, lenye mlango ambao mara nyingi huwa wa kioo, na huwekwa peke yake sakafuni. Likiwa la feleji hupata joto upesi na hupoa upesi. Likiwa la chuma kizito cha kusubu huchelewa kushika joto lakini huchelewa pia kuliachia. Jiko la kupachika ni kasha la aina hiyo hiyo lililotengenezwa ili liingizwe ndani ya meko yaliyokwisha kujengwa. Jiko la uashi hujengwa kwa matofali au mawe, na moshi wake huzungushwa katika njia ndefu ndani ya kuta zake, hivyo moto mkali wa muda mfupi hupasha matofali joto ambalo chumba hulipokea taratibu kwa saa nyingi baadaye.

Tofauti kati ya wazi na kufungwa ndiyo yenye uzito zaidi. Meko ya wazi huvuta hewa nyingi ya chumba, ikiwamo iliyokwisha kupata joto, na kuipeleka nje. Kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 tu ya nguvu iliyomo ndani ya kuni inayobaki chumbani, ilhali jiko zuri lililofungwa huweza kubakiza asilimia 70 au zaidi. Kiasi hicho kinachobaki ndicho huitwa ufanisi. Mtu anayetaka joto, si mandhari ya moto pekee, asikubali meko ya wazi kama chombo chake kikuu.

Sasa ifuate hewa. Inaingia kupitia matundu yanayofunguliwa na kufungwa kwa kidhibiti, ambacho huwa ni kitasa au kijiti cha kusukuma na kuvuta. Hewa ya kwanza huelekezwa kwenye kuni zenyewe na ndiyo inayoamsha moto. Hewa ya pili hupashwa joto ndani ya mifereji ya jiko, kisha hutolewa juu ya kuni kupitia vitundu vidogo, ikutane na gesi ambazo hazijaungua. Ukichungulia kioo wakati jiko limepata moto vizuri utaona ndimi za moto zikining'inia chini ya vitundu hivyo, mbali na kuni, kana kwamba hewa yenyewe inawaka. Hapo moshi unaunguzwa badala ya kutupwa. Majiko mengi yana pia hewa ya kioo, inayoteremka kwa ndani ya mlango ili masizi yasigande. Kioo kinachogeuka cheusi kila mara huashiria kuni zenye unyevu au hewa iliyobanwa kupita kiasi.

Kasha ambamo kuni hulala ni chumba cha moto, nacho huzungushiwa matofali ya kuhimili joto. Juu yake hulazwa bamba la kukinga, linalozuia miali isikimbilie moja kwa moja kwenye bomba na kuilazimisha izunguke ndani. Chini huweza kuwapo chanja, yaani wavu wa chuma ambao majivu hudondokea kupitia kwake. Makaa ya mawe huhitaji chanja kwa kuwa hutaka hewa kutoka chini. Kuni huwaka vizuri zaidi juu ya tandiko la majivu la sentimita 2 au 3, kwa hiyo usilifagie jiko la kuni likabaki tupu. Baadhi ya majiko huongezewa kichocheo, kipande chenye vitundu kama vya sega la nyuki, ambacho huwezesha moshi kuungua katika joto la chini kuliko kawaida. Huanza kazi kwenye takriban nyuzi 260 za Selsiasi, na kabla ya hapo moshi hupitishwa pembeni kwa kilango maalumu.

Katika meko ya matofali, juu ya chumba cha moto njia hubanwa na kuwa koo. Mwanasayansi Benjamin Thompson, aliyefahamika zaidi kwa cheo cha Count Rumford, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1796 kwamba koo jembamba, pamoja na meko yenye kina kifupi na kuta za pembeni zilizoinamishwa, hupunguza moshi chumbani na kurudisha joto kwa walioketi. Kwenye koo au juu yake hukaa kilango cha dohani, bamba linalofungwa meko yakiwa hayatumiki. Usikifunge kamwe wakati makaa bado ni mekundu.

Dohani ni mnara mzima. Njia iliyomo ndani yake ambamo moshi hupanda ni mkondo wa moshi. Na bomba la ndani ni ganda la kauri au la feleji linalouzunguka mkondo huo. Nguvu inayoupandisha moshi huitwa mvuto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo dohani ndefu na yenye joto huvuta vizuri, na ile fupi, baridi au pana mno huurudisha moshi ndani. Kanuni itumikayo sana Marekani hutaka mdomo wa dohani upite paa kwa angalau sentimita 90 pale inapotokea, na uwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Mwisho kabisa huvikwa kofia ya kuzuia mvua, mara nyingi ikiwa na wavu wa kunasa cheche.

Jina ambalo kila mwenye jiko la kuni analazimika kulijua ni kreosoti. Moshi wenye mvuke na gesi zisizoungua ukikutana na bomba lililopoa huganda ukutani, kwanza kama vumbi jeusi, kisha kama magamba, na mwishowe kama lami inayong'aa ambayo brashi haiiondoi. Tabaka hilo likishika moto, joto ndani ya dohani huweza kupita nyuzi 1,000, na nyumba nzima huwa hatarini. Chanzo chake kikuu ni kuni mbichi na moto uliodumazwa. Kuni kavu ni zile zenye unyevu usiozidi asilimia 20. Zipasue, kisha upime kwa kipima unyevu kwenye uso uliopasuliwa, si kwenye ncha. Dohani ikaguliwe na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka.

Nguvu ya jiko huandikwa kwa kilowati au kwa BTU (kipimo cha joto cha Kiingereza) kwa saa, na kilowati 1 ni sawa na BTU 3,412 kwa saa. Kilo 1 ya kuni kavu ina nguvu ya takriban kilowati-saa 4. Jiko lenye ufanisi wa asilimia 75 huacha chumbani 3 kati ya hizo, hivyo kupata kilowati 6 mfululizo kunataka kilo 2 hivi kila saa. Usinunue jiko kubwa kuliko chumba, kwani utalazimika kulibana hewa na kreosoti itafuata.

Majiko ya gesi yana majina machache. La kuulizia ni lile la bomba pacha, ambalo huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje bila kugusa hewa ya chumba. Jiko lisilo na bomba huacha mvuke na mabaki ya moto chumbani, nami simshauri mtu alitegemee. Kwa kuwa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu itokanayo na moto, haina rangi wala harufu, weka kengele ya kuitambua penye kifaa chochote kinachounguza kitu.

Hatimaye soma kibao kilichobandikwa nyuma ya jiko. Humo utaona nguvu, aina ya kuni au gesi inayoruhusiwa, na umbali wa usalama, yaani nafasi inayotakiwa kuachwa kati ya jiko na mbao, pazia au samani. Kibao kikiwa kimefutika, mtake muuzaji akupe kijitabu cha jiko hilohilo kabla hujalipa, kwa kuwa fundi hawezi kulifunga kwa usalama bila vipimo hivyo.