Somo: Kupima hewa ukaa inayomezwa na misitu ya Ufini na Uswidi

Ukiona msitu mnene usiseme umeshaona kiasi unachomeza. Unene ni akiba ya miaka mingi. Sisi tunatafuta nyongeza.

Hatua ya 1: Ploti. Ufini ilianza kuhesabu misitu yake kitaifa 1921, Uswidi 1923. Hawapimi kila mti. Wanatawanya ploti za sampuli, yaani vipande vidogo vya msitu vinavyowakilisha vingine, nchi nzima. Za kudumu Uswidi hurudiwa kila baada ya miaka 5. Ploti yako usiipake rangi: mwenye msitu akijua ndiyo inayopimwa, ataitunza kuliko mingine na takwimu zitadanganya.

Hatua ya 2: Shina. Simama upande wa juu wa mteremko, pima mita 1.3 kutoka ardhini, pangusa magamba yaliyolegea, zungusha tepu bila kuipindisha. Ukipata mzingo wa sentimita 63, gawa kwa 3.14: kipenyo ni 20 hivi. Hata futi ya cherehani inafaa, ila ikilowa hutanuka.

Hatua ya 3: Hesabu. Mlinganyo wa aina hiyo ya mti hugeuza kipenyo na kimo kuwa uzito mkavu. Tuseme umepata kilo 120. Nusu yake hivi ni kaboni, yaani 60. Zidisha kwa 44 (uzito wa molekuli ya hewa ukaa), gawa kwa 12 (uzito wa kaboni iliyomo): kilo 220 za hewa ukaa.

Hatua ya 4: Rudi baada ya miaka 5, pima miti ileile, toa hesabu ya kwanza kwenye ya pili. Iliyokatwa au kufa nayo iingie kwenye hesabu. Hapa ndipo wengi hujipendelea.

Hatua ya 5: Udongo. Kaskazini sehemu kubwa ya kaboni iko chini ya miguu yako, na tepu haiioni. Ndiyo maana kuna minara kama ya Hyytiälä, Ufini: vifaa vilivyo juu ya miti husoma upepo na hewa ukaa mara kadhaa kwa sekunde, mchana na usiku, ili kujua kiasi kinachoingia na kutoka msituni, udongo ukiwemo. Huko Norunda, Uswidi, katika miaka ya 1990 mnara ulionyesha msitu mkubwa uliosimama wima ukitoa hewa ukaa kuliko ulivyomeza.

MASWALI

Mwalimu, mnara si unamaliza kazi yote?
Hapana, ndugu. Usiku upepo ukitulia, hewa ukaa hulala chini ya miti na vifaa vya juu haviipati. Saa hizo huchujwa na kujazwa kwa makadirio.

Nipo Mufindi. Naweza kutumia milinganyo yao kwa misindano ya Sao Hill?
Njia ndiyo, milinganyo hapana. Yetu ni Pinus patula, ya kwao ni Pinus sylvestris. Tafuta uliotengenezwa kwa miti ya huku.

Wakifyeka na kupanda mwezi uleule, si wamefidia?
Bado. Mizizi na matawi yaliyobaki yanaoza, miche ni ya kidole. Kule baridini eneo hilo linaweza kutoa zaidi ya linavyomeza kwa miaka kumi na kitu.