Nilipika au nilikuwa napika? Somo la nyakati mbili zilizopita za Kiingereza

Jioni moja mwanafunzi wangu, mama lishe mwenye meza yake karibu na stendi, alisimama darasani kutusimulia siku yake kwa Kiingereza. Alikuwa amejiandaa, karatasi mkononi. Akasema: "Yesterday I was cooked ugali." Alitaka kusema kwamba jana alikuwa anapika ugali. Mtu anayejua Kiingereza akiisikia sentensi hiyo, anasikia habari ya mtu aliyepikwa.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu nusu ya darasa ingesema vilevile. Na ukimfuata alivyofikiri, utaona hakukurupuka: "nilikuwa" ni "I was", jambo lenyewe ni la jana kwa hiyo "cook" iwe "cooked", basi akaunganisha. Alitafsiri neno moja moja, na ndipo alipoteleza.

Somo hili nimeliandika kwa ajili yake na wote wanaoanza. Ninachotaka ukishike ni hiki: tofauti ya nyakati hizi mbili unayo tayari kichwani. Hakuna anayesema Kiswahili asiyejua kwamba "nilipika" si sawa na "nilikuwa napika". Vitabu vya Kiingereza huziita past simple na past continuous, na majina hayo huwatisha watu bure. Mimi nitaziita wakati wa -li- na wakati wa -likuwa -na-.

Hatua ya 1: Funga daftari la Kiingereza kwanza

Kumbuka usiku mmoja umeme ulipokatika kwenu. Kwangu ilikuwa hivi:

Umeme ulikatika saa mbili usiku. Nilikuwa naosha vyombo. Mtoto alikuwa anafanya hesabu. Baba watoto alikuwa anaangalia taarifa ya habari.

Kukatika kwa umeme ni tendo moja, lilitokea likaisha, na saa yake inajulikana. Hayo mengine yalianza kabla ya saa mbili, giza likayakuta katikati. Sahani moja ilikuwa bado ina povu mkononi mwangu. Kwa Kiingereza:

The lights went out at eight. I was washing the dishes. My son was doing his maths. My husband was watching the news.

Angalia na saa: saa mbili yetu ni "eight" yao. Kosa hilo halihusu vitenzi, lakini limewachelewesha watu wengi kwenye usaili.

Sasa andika sentensi zako nne kwa Kiswahili. Pigia mstari kila -li- na kila -likuwa -na-, kisha tuendelee.

Hatua ya 2: Kila -li- ina sura yake

Vitenzi vingi vinaongezwa -ed tu: cook, cooked, wash, washed, clean, cleaned. Kikiishia na e, ongeza d peke yake: close, closed. "Carry" inakuwa "carried", "stop" inakuwa "stopped".

Matamshi ndiyo yanayotusumbua zaidi, kwa kuwa Kiswahili hupenda kila neno liishie na irabu. Tunajikuta tunasema "woshedi", "kukedi". Usiongeze irabu. "Washed" ni wosht, "cooked" ni kukt, "cleaned" ni klind. Silabi inaongezeka pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d: "wanted" ni wontid, "needed" ni nidid. Simama mbele ya kioo useme "I cooked, I washed, I cleaned" mara kumi, na kila mara uzuie mdomo usifunguke mwishoni.

Vingine havifuati kanuni: go, went, come, came, see, saw, eat, ate, buy, bought, take, took, give, gave, leave, left, fall, fell. Hivi ni vya kukariri, hakuna njia ya mkato. Ila usikariri orodha ya vitenzi mia kutoka ukutani. Chukua vitano ulivyovitenda leo wewe mwenyewe: uliamka, ulikula, ulinunua, ulikwenda, ulirudi. "I woke up, I ate, I bought, I went, I came back." Kesho ongeza vitano vingine. Utashangaa mwezi mmoja unavyokufikisha mbali.

Jambo jingine: -ka- yetu ya hadithi nayo inaingia hapa. "Nilikwenda sokoni, nikanunua dagaa, nikarudi" ni "I went to the market, bought some dagaa and came back." Matendo yanayofuatana moja baada ya jingine yote yanachukua sura hiyo ya -li-.

Hatua ya 3: Ukikanusha, alama inahama

Kosa linaloongoza hapa ni "I didn't went". Dawa yake iko ndani ya Kiswahili. Tunasema "nilikwenda", lakini tukikanusha hatusemi "silikwenda". Tunasema "sikwenda". Ile -li- imeondoka, kazi yake imefanywa na -ku-.

Kiingereza nacho kina tabia hiyo. "I went" ikikanushwa, alama ya wakati uliopita inahamia kwenye "did", na kitenzi kinarudi kama kilivyozaliwa: "I didn't go." Kwenye swali ni vivyo hivyo: "Did you go?" Alama ni moja, na ikishakaa kwenye "did" haikai tena kwenye kitenzi.

Hatua ya 4: -likuwa -na-

Chukua "was" au "were", kisha kitenzi chenye -ing. I, he, she na it wanachukua "was". We, you na they wanachukua "were". "You" ni "were" hata kama unaongea na mtu mmoja.

Kwa mama lishe wetu: "nilikuwa" ni "I was", na "-napika" ni "cooking". I was cooking. Vipande viwili vya Kiswahili, vipande viwili vya Kiingereza. Ukisikia -na- kwenye kitenzi chako, tafuta -ing. Usiweke -ed hapo.

Kukanusha hakuhitaji "did": "I wasn't cooking", "They weren't working". Swali linageuza mpangilio: "Were you sleeping?"

Hatua ya 5: Kuziunganisha

-po- yetu ni "when". "Mama alipofika, nilikuwa naoga": "When my mother arrived, I was having a bath." Tendo refu lina -ing, tendo fupi lililoliingilia lina sura ya -li-. Ukitaka kuanza na tendo refu tumia "while": "While I was having a bath, my mother arrived." Ukianza na "when" au "while", weka mkato katikati ya sentensi. Ukimalizia nayo, hakuna haja.

Hatua ya 6: Pale Kiswahili kinapokupoteza

Hapa nenda polepole, hata ukilala leo ukarudi kesho si vibaya.

Kwanza, "alikuwa amelala". Hakuna -na- hapo, kuna -me-, lakini kwa Kiingereza ni "he was sleeping". Kiswahili kina vitenzi vya hali ambavyo huvaa -me- mtu akiwa bado yumo ndani ya hali hiyo: alikuwa amekaa, "he was sitting", alikuwa amesimama, "he was standing", alikuwa amevaa kanzu, "he was wearing a kanzu", alikuwa ameshika ufunguo, "he was holding a key". Jiulize swali moja tu: wakati ule, alikuwa bado katika hali hiyo? Kama ndiyo, vitenzi hivi vinataka -ing.

Pili, "nilikuwa najua". -na- ipo, lakini hatusemi "I was knowing". Ni "I knew". Vitenzi vya moyo na akili, kama know, want, like, need, believe, understand, kwa kawaida havivai -ing. "Nilikuwa nataka maji" ni "I wanted some water".

Tatu, mazoea. "Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunacheza mpira kila jioni." Hapo hatusemi mpira ulikuwa katikati ya kuchezwa saa fulani. Tunasema ilikuwa desturi. Kiingereza kinatumia "we played" au "we used to play". Ukiona "kila jioni" au "kila Ijumaa", iache -ing.

Zoezi

Tafsiri kifungu hiki kuhusu mwanariadha wa Tanzania. Usichungulie majibu.

Mwaka 1968 John Stephen Akhwari alikwenda Mexico City kukimbia marathoni ya Olimpiki. Alikuwa anakimbia na wanariadha wengine alipoanguka. Aliumia goti. Hakuacha mbio. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda. Akhwari alipoingia uwanjani, zaidi ya saa moja baadaye, kulikuwa na giza naye alikuwa anachechemea. Alikuwa amefunga bandeji mguuni. Alimaliza mbio.

Majibu: In 1968 John Stephen Akhwari went to Mexico City to run the Olympic marathon. He was running with other athletes when he fell. He hurt his knee. He didn't stop. Mamo Wolde of Ethiopia won. When Akhwari entered the stadium, more than an hour later, it was dark and he was limping. He was wearing a bandage on his leg. He finished the race.

"Hurt" haibadiliki, jana na leo ni ileile. Na alipoulizwa kwa nini hakuacha, Akhwari alijibu, kwa ufupi, kwamba nchi yake haikumtuma akaanze mbio, ilimtuma akazimalize: "My country did not send me to start the race. They sent me to finish it." Soma sentensi hizo mbili kwa sauti. "Did not send", kisha "sent". Hatua ya 3 yote imo humo, na mimi tangu nianze kuzitumia darasani, "didn't went" imepungua sana.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nikisema "When my father came, I made tea" na "When my father came, I was making tea", si yaleyale?*

Marahaba. Hapana, na chai yenyewe itakuonyesha. Ya kwanza ni "baba alipofika, nikapika chai": alikuja kwanza, ndipo ukawasha jiko. Ya pili, alikukuta jikoni na sufuria iko motoni. Zote ni Kiingereza sahihi. Chagua ile iliyo kweli.

*Mwalimu, mbona "He put" haina s? Tulifundishwa he, she, it wanataka s.*

S hiyo ni ya wakati uliopo. Jana haina s kwa mtu yeyote. Na "put" ni kama "hurt", "cut" na "hit", haibadiliki. "Read" nayo huandikwa vilevile, ila ya jana hutamkwa "red".

*Mimi niko Bukavu, shuleni tulisoma kwa Kifaransa. Je, past continuous ndiyo imparfait, ule wakati uliopita wa Kifaransa?*

Kaka, inafanana lakini usizilinganishe moja kwa moja. "Je mangeais quand il est arrivé" ni kweli "I was eating when he arrived." Lakini imparfait inabeba pia mazoea na hali: "j'avais une moto" ni "I had a motorbike", na "je savais" ni "I knew". Ukigeuza kila imparfait kuwa -ing, utaangukia kwenye mitego ya pili na ya tatu ya Hatua ya 6. Wewe una faida, hata hivyo: umeshazoea kuchagua kati ya nyakati mbili zilizopita.

*Nilifanya kazi za ndani Muscat miaka miwili. Kwenye usaili niseme "I was working" au "I worked"?*

Pole na hongera, dada. Sema "I worked in Muscat for two years." Kazi imekwisha na muda wake unajulikana, hivyo inasimama imara. "I was working" itumie pale unapotaka kuingiza jambo lililotokea katikati: "I was working in Muscat when my daughter got married." Ukisema "I was working in Muscat" ukanyamaza, msikilizaji atabaki anangoja umalizie.

*Naomba kuelewa "alikuwa anavaa" na "alikuwa amevaa". Kwenye Kiingereza naona zote zina -ing.*

Zote zina -ing, ila kitenzi si kimoja. Alikuwa amevaa koti: "He was wearing a coat", koti liko mwilini. Alikuwa anavaa koti: "He was putting on a coat", mkono mmoja umeingia, mwingine bado.

*Mwalimu, nimeandika: "Yesterday I was selling fish when the rain was started." Nimepata?*

Nusu ya kwanza umepata yote. Nusu ya pili, irudishe kwenye Kiswahili: mvua "ilianza", hukusema "ilikuwa". Kwa nini basi umeweka "was"? Iondoe: "when the rain started". Sasa niandikie nyingine tatu, uanze na wateja walikuwa wanafanya nini mvua ilipoanza.