Kusafisha maganda ya risasi kabla ya kuyajaza upya: usafi kwanza, kung'aa baadae

Mtu akianza kujaza risasi zake mwenyewe, kitu cha kwanza anachokitaka ni ganda ling'ae kama limetoka kiwandani leo, na mi nilikua hivo hivo, naacha mashine ya kusafishia inazunguka usiku kucha ilimradi asubuhi nikute maganda yanametameta. Sa hivi nimekaa na huu mchezo miaka kadhaa na nawaambia kabisa, kung'aa hakukuongezei shabaha hata kidogo. Ganda tunalisafisha ili masizi na mchanga visikwaruze dai, kile chuma kinacholirudisha ganda kwenye saizi yake, na chemba ya bunduki, pale ganda linapokaa, na ili macho yaone ufa kama upo. Zaidi ya hapo ni urembo, na urembo sio vibaya, ila kuna jambo moja linatakiwa likae mbele ya yote, nalo ni vumbi linalotoka wakati unasafisha.

Kabla sijaenda mbali, mi niko Texas. Huku mtu anaruhusiwa kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni, akitaka kufanya biashara ndo anatafuta leseni. Ndugu zangu mlioko nyumbani msichukue haya mkaanza kuokota maganda, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 na Kenya nao wana sheria yao ya silaha, na hizo sio sheria za kuchezea. Haya nayaandika kwa wenzangu Waswahili tulioko huku, maana tupo wengi tunaowinda paa na nguruwe pori na kwenda renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, na maelezo mengi yako Kiingereza.

Sasa hilo vumbi. Lugha yetu imetuwekea onyo ndani ya neno lenyewe, yale madini mazito ya kijivu yenye sumu tunayaita risasi na kile kinachotoka kwenye bunduki tunakiita risasi. Praima nyingi, yaani ile fataki ndogo ya kwenye kitako cha ganda, zina kemikali iliyotengenezwa na madini ya risasi, na ikishalipuka mabaki yake yanabaki kwenye yale masizi meusi ndani ya ganda na kwenye kishimo cha praima. Ukitia maganda kwenye mashine ya kusafishia kavu, bila maji, yale masizi yanasagika yanakua vumbi laini ambalo hata hulioni.

Mwaka wangu wa kwanza nilikua nasafishia gereji, ilikua baridi kwa iyo mlango nimefunga, mashine haina mfuniko, na nikimaliza namwaga zile chenga za kusugulia maganda kwa mikono kwenye ndoo, unaona kabisa kwenye mwanga wa taa vumbi linapanda kama moshi wa ubani. Binti yangu alikua na miaka miwili, anaingia anatoka miguu peku. Tukaenda kliniki kawaida tu, kipimo cha madini ya risasi kwenye damu kikarudi kimepita 3.5, yaani maikrogramu kwa desilita, hicho ndo kiwango ambacho tangu 2021 huku wanakitumia kusema mtoto huyu afuatiliwe. Mama yake akaniuliza swali moja tu, "Baba Salma, hiyo mashine yako inatoa nini?" Sikua na jibu. Tulifuta gereji nzima kwa matambara mabichi, mashine ikahamia nje, na kipimo cha miezi iliyofuata kikashuka. Namshukuru Mungu kilishuka, lakini ile siku siisahau.

Kwa iyo kanuni zangu ni hizi na sipunguzi hata moja. Kusafisha ni nje au sehemu yenye hewa inayopita, mtoto na mjamzito wasisogee, glavu mkononi, barakoa kama unamwaga chenga kavu, huli hunywi huvuti sigara, ukimaliza nawa mikono na uso kabla hujagusa mlango wa jikoni, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Ufagio mkavu marufuku, futa kwa kitambaa kibichi.

Tuje kwenye kazi. Ukirudi na mfuko wa maganda, chambua kwanza kama mtu anavochambua mchele. Hakikisha hakuna risasi nzima iliyojificha humo, nimeshakuta. Afu tenganisha kwa kaliba, yaani ukubwa wa risasi, na angalia ganda la 9mm lisijishindilie ndani ya la .40, na la .40 ndani ya la .45, yakiingia hivo kwenye mashine hayasafiki na kuyatoa ni kazi. Pitisha sumaku, linalonasa ni la chuma, weka pembeni. Chungulia ndani na tochi: tundu la moto, lile linalopitisha moto wa praima kwenda kwenye baruti, likiwa moja katikati ndo lenyewe, yakiwa mawili madogo hilo ni la aina ya Berdan, usilitie kwenye dai, litakuvunjia pini ya kutolea praima. Maganda ya .45 nayo yapo yenye praima kubwa na yenye praima ndogo, tenga mapema. Na ya kijeshi yenye alama ya msalaba ndani ya duara kwenye kitako, praima yake mara nyingi imebanwa, ukishaitoa lazima ukwangue ile kingo kabla hujaweka mpya.

Hapo hapo tupa yenye ufa shingoni, yaliyobonyea vibaya, na yaliyoungua. Usione huruma, la .30-06, risasi ya bunduki ndefu, linabeba presha ya hadi paundi 60,000 kwa inchi ya mraba.

Baada ya hapo kuna njia mbili, kavu na maji.

Kavu ni tambla, ile mashine ya kusafishia, ya kutetemeka, unajaza chenga za magunzi ya mahindi au za maganda ya walnati. Walnati inakwangua zaidi, inafaa maganda machafu sana, magunzi yanang'arisha. Masaa mawili matatu yanatosha, mfuniko umefungwa. Ukitaka kupunguza vumbi kata vile vitambaa vya kulainishia nguo kwenye draya, vilivyotumika tayari, vipande vitatu vinne, tupia humo, vikitoka utaviona vimekua vyeusi tititi, yale yote yangeingia kwenye mapafu yako. Kama unasafisha kavu usitoe praima kwanza, maana chenga zinaziba kwenye tundu la moto na utashinda unazichokoa na sindano.

Hapa niseme kuhusu polishi. Wengi tumekulia nyumba zenye Brasso, trei za shaba na vitasa vya milango siku ya kuamkia Idi vinasuguliwa mpaka unajiona sura. Kwa trei sawa. Kwa ganda la risasi hapana, ina amonia. Shaba ya ganda ni mchanganyiko wa asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, na amonia inaingia kwenye shaba hiyo ikiwa imekazika inaitengenezea nyufa ndogo ndogo kutoka ndani. Jeshi la Waingereza kule India walilipata hilo, risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua zilikua zinapasuka bila kupigwa, na ilikua mkojo wa farasi unatoa amonia, wataalamu wakaja kulieleza vizuri 1921. Kwa iyo polishi yoyote soma kopo, ikiwa na amonia iache dukani. Jiki nayo usiguse.

Njia ya maji ndo ninayoitumia sa hivi na ndo nawashauri wenye watoto, kwa sababu ile sumu inabaki ndani ya maji haipai. Hapa praima unazitoa kwanza, na dai ya kutoa praima tu isiyobana ganda, usitie ganda chafu kwenye dai ya saizi. Pipa la tambla ya kuzunguka linapokea maganda, pini za stenlesi kama kilo mbili na kidogo, vijipini vyembamba vya milimita moja, maji yafunike vitu vyote, sabuni ya vyombo kijiko kikubwa kimoja, na asidi ya sitriki, ule unga mchachu wanaotilia jamu, robo mpaka nusu ya kijiko cha chai. Usijiongezee. Watu wanadhani asidi ikizidi ndo usafi unazidi, kumbe asidi kali inakula zinki, ganda linatoka na madoa ya pinki kama ufizi wa mtoto, na pinki hiyo ina maana zinki imetoka pale juu imebaki shaba nyekundu tupu. Likiwa hivo sehemu kubwa nalitupa.

Saa moja na nusu, mbili, inatosha. Ukiacha masaa sita maganda yanagongana midomo mpaka inabonyea inafanya ukingo, afu utajiuliza kwa nini kichwa cha risasi kinakwaruzika wakati wa kukipandisha. Fungua pipa taratibu uangalie yale maji, yanakua ya kijivu mazito yenye povu chafu kama maji ya kwanza ya kuoshea sufuria la kuni. Hayo yote yalikua kwenye maganda. Suuza mara tatu nne mpaka maji yatoke meupe, kwa maji ya kawaida, na maji ya mwisho yakiwa yaliyokenekwa (distilled) hayataacha madoa ya chokaa.

Yale maji machafu usimwage kwenye bustani, hasa kama umepanda mchicha au sukuma wiki. Mi nayaacha kwenye ndoo yenye mfuniko yatulie siku mbili tatu, tope linakaa chini, nalikusanya kwenye chupa naandika SUMU, afu napeleka kule kaunti wanakopokea rangi za zamani na betri, hayo maji ya juu nayo nawauliza hao hao niyaweke wapi. Chenga kavu zilizochoka nazo naweka mfuko uliofungwa napeleka hapo hapo.

Kuzitoa pini ni kazi ya subira. Geuza ganda moja moja ndani ya maji, litikise, pini zitadondoka, zilizobaki chukua sumaku, nyingi zinanasa. Maganda ya .223 ndo yaangalie sana, shingo yake nyembamba na pini mbili zikiingia pamoja zinakwama. Mi kila ganda napitisha chini ya taa nachungulia mpaka nione tundu la moto liko wazi.

Kukausha usifanye haraka. Taulo juani, midomo chini, jua la Agosti huku linamaliza kwa nusu siku, kipindi cha baridi natumia kile kimashine cha kukaushia matunda, cha maganda peke yake, saa moja au zaidi. Oveni ya jikoni sishauri kabisa, kwanza ni ya chakula, pili ukipitiliza moto kitako cha ganda kinalegea na kitako ndo kinachobeba presha yote. Tone moja la maji likibaki kwenye kishimo cha praima au ndani ya ganda linaharibu fataki au baruti, unavuta kifyatulio unasikia "tik" halafu kimya, na hicho kimya ukiwa umemlenga nguruwe pori anayekuja kwako sio kizuri.

Likikauka ndo sasa ule usafi unakulipa. Shika ganda la bunduki ndefu uligeuze kwenye mwanga, karibu na kitako tafuta mstari mwembamba unaong'aa kuzunguka, kama pete. Chukua kipande cha waya cha kubania karatasi, kunja ncha yake iwe kama ndoano, ingiza ndani uburute taratibu kutoka chini kwenda juu. Kama waya unadumbukia kwenye kijimfereji mahali pale pale penye pete, shaba imekonda hapo na siku moja itakatika vipande viwili ndani ya chemba. Ganda la hivo liponde na koleo lisije likarudi kwenye ndoo.

Jambo moja la mwisho kwa walioosha kwa maji. Ndani ya shingo panakua pasafi mno, hamna hata masizi ya kuteleza, kwa iyo dai inabana na kichwa kinaingia kwa kukwaruza, paka mafuta kidogo ya kujazia risasi ndani ya shingo kwa pamba. Afu hifadhi kwenye boksi la plastiki au mfuko wa kufunga, sio mkoba wa ngozi, ngozi inafanya shaba iote kutu ya kijani. Juu ya boksi andika kaliba, tarehe, na mara ngapi yamepigwa. La kwangu la .308 limeandikwa "4", na likifika pale nilipojiwekea kikomo yanaenda yote kwa mnunua vyuma chakavu.