Dodoma hadi michoro ya Kolo kwa gari la kukodi

Tangu lami ya Dodoma–Kondoa–Babati ikamilike, wengi wanadhani Kolo unakwenda na gari lolote. Mpaka kijijini ni kweli: ni kama kilomita 180, na hata Vitz inafika. Lakini michoro yenyewe, ile ya kale iliyochorwa miambani, haiko kijijini. Mungomi wa Kolo, pango linalotembelewa zaidi, liko kama kilomita 10 kutoka barabara kuu, njia ya mawe na makorongo, na ukishaegesha bado kuna mlima wa kupanda kwa miguu. Kodi gari la hizo kilomita 10, si la zile 180. Kiangazi, Escudo au RAV4 iliyoinuka inatosha. Kati ya Desemba na Aprili chukua Prado au nyingine yenye 4x4 ya uhakika, na uijaribu hapohapo unapokabidhiwa: ingiza 4x4, tembea mita chache, sikiliza kama inashika.

Kabla ya bei, tazama namba. Gari la biashara lina kibao cheupe. La njano ni la mtu binafsi. Ukikodishiwa la njano kwa bei ya kutupa, ujue bima yake ilikatwa kwa matumizi binafsi, na ajali ikitokea kampuni ya bima ina sababu ya kugoma kulipa. Uliza kama bima ni kubwa au ya mtu wa tatu tu, na mkataba useme kama inahusu barabara za vumbi. Mikataba mingi inaacha nje tairi, vioo na uvungu wa gari, yaani vitu hasa vinavyoumia njia ya Kolo. Hilo lijadilini kabla hujatoa dhamana.

Ukaguzi usiharakishwe. Zunguka gari ukirekodi video, ukitaja kila mkwaruzo kwa sauti, mwenye gari akiwepo. Kisha shuka kwenye matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka sita, hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni nene, mpira wake umeanza kukauka na kwa joto la mchana inaweza kupasuka. Spea ipimwe upepo, si kutazamwa tu. Jeki ipande na kushuka, na spana iingie kwenye nati za gari hilohilo. Spana ya gari jingine ndani ya buti ni jambo la kawaida mno. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwepo, maana trafiki wataviulizia.

Jaza tangi mjini. Kwenda na kurudi, pamoja na mzunguko wa pangoni, ni karibu kilomita 400; gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 40 hivi. Kondoa mjini kuna vituo vya mafuta ukipungukiwa.

Ondoka saa 12 asubuhi kupitia Msalato. Barabara ni nzuri, na hapo ndipo watu wanapokamatwa: kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hukaa karibu na mwisho wake, pale dereva anapoanza kukanyaga mafuta kabla ya kibao cha kumaliza. Mifugo ndiyo hatari kubwa zaidi. Ukiona mbuzi mmoja amevuka, simama, wenzake wanakuja. Jioni ng'ombe wanarudi zizini na mikokoteni ya punda haina taa, kwa hiyo panga kutoka pangoni saa 8 mchana.

Kolo pitia kwanza ofisi ya wasimamizi wa michoro ulipe na kupewa mwongozaji. Weka hela kwenye simu, usitegemee noti peke yake. Michoro hii iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Usiiguse, na usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, kwani maji ndiyo yanayoifuta. Mahali penyewe bado panatumika kwa matambiko, hivyo mwongozaji akisema hapa hatuingii, basi.

Kwenye mchanga wa korongo, punguza upepo wa matairi hadi psi 20 hivi, ingia kwa gia ndogo na usisimame katikati. Tairi likianza kuzunguka bure, toa mguu. Ukizidi kukanyaga unajichimbia. Maji yakiwa yanatiririka, usivuke kwa kukisia. Mafuriko ya makorongo haya mara nyingi hupungua baada ya saa chache, subiri. Ukirudi lami, jaza upepo kabla ya kukimbia, vinginevyo tairi litachemka.

Siku ya kurudisha gari, lioshwe kwanza ili mikwaruzo mipya na ya zamani ionekane, lirudi na mafuta kama ulivyolipokea, na mwangalie pamoja kama namba yake ina faini za barabarani za siku zako. Dhamana ipokee hapohapo, na mwenye gari asaini kwamba amelipokea.