Famakolojia bila kukariri: ifuate dawa moja tangu mdomoni hadi kwenye mkojo

Mtoto wa dada yangu anasomea stashahada ya ufamasia Unguja, na kila likizo akija Chake Chake huja na daftari lililojaa orodha: jina la dawa, kundi, matumizi, madhara. Ukimuuliza kwa nini dawa hii hunywewa mara tatu kwa siku na ile mara moja, hana jawabu. Likizo iliyopita tuliliweka daftari pembeni tukaanza upya, na mpangilio tulioufuata ndio huu. Utawafaa pia wa uuguzi na wa utabibu.

Hatua ya 1: Chagua dawa moja

Parasetamoli inatosha. Dawa za moyo zisubiri.

Hatua ya 2: Iandikie njia yake

Kufyonzwa, kusambaa, kubadilishwa, kutolewa. Hayo mwalimu wako ameshayasema, kwa hiyo chora mishale yake kwenye karatasi moja tu, kisha simama kwenye ini.

Dawa iliyomezwa ikitoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, ndipo ifike mwili mzima, na zipo dawa ambazo ini huzila nyingi pale pale mlangoni. Nitrogliserini ya maumivu ya kifua huwekwa chini ya ulimi kwa sababu hiyo: damu ya mdomoni haianzii kwenye ini. Mfano mwengine unaujua tangu skuli ya msingi, dawa ya kichocho. Prazikwanteli hupotea kwa wingi kwenye ini, na ukiinywa umeshakula, kinachofika kwenye damu huongezeka na kichefuchefu hupungua. Ndiyo maana mlikuwa mnaambiwa mle kwanza kabla ya kupewa vidonge.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya dozi

Mtoto ana kilo 12, na dozi ni 15 mg kwa kila kilo: 180 mg. Chupa imeandikwa 120 mg katika 5 ml. Kwa hiyo 180 ÷ 120 × 5 = 7.5 ml. Andika kipimo (mg, ml, kg) kwenye kila mstari, hata kama unaona unapoteza muda. Pima kwa bomba lisilo na sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Programu za simu za kupiga hesabu ya dozi sizipendi kwa mwanafunzi. Ambaye hajazoea kukisia jibu hatashtuka simu ikimwambia 75 ml.

Hatua ya 4: Nusu-uhai, kwa penseli na karatasi ya mraba

Hapa ndipo tulipokaa tangu baada ya alasiri hadi isha.

Nusu-uhai ni muda ambao kiwango cha dawa kwenye damu hupungua kikawa nusu. Kwa parasetamoli ni kama saa 2 hadi 3. Kila mwanafunzi anaweza kuitamka hiyo sentensi, na wengi huishia hapo. Usiishie hapo, chora.

Chukua dawa ya kubuni yenye nusu-uhai ya saa 6, inayotolewa 100 mg kila baada ya saa 6. Andika kilichobaki mwilini kabla tu ya kila dozi mpya. Baada ya saa 6 za mwanzo imebaki 50. Unaongeza 100, zinakuwa 150, na baada ya saa 6 nyengine imebaki 75. Kisha 87.5. Kisha 93.75. Kisha karibu 97. Kuanzia hapo namba haziendi popote, zinakaribia 100 na kutulia. Kinachoingia kimelingana na kinachotoka, na imechukua nusu-uhai 4 hadi 5.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, si tungeongeza dozi tu ili tufike upesi?" Nikamwambia achore tena, safari hii kwa 200 mg. Akapata 100, 150, 175, 187.5, 194. Kiwango kimekuwa maradufu, lakini kimetulia kwenye nusu-uhai ile ile ya nne au ya tano. Fikiria tangi la maji lililotoboka chini: likijaa zaidi, maji hutoka kwa nguvu zaidi. Ukubwa wa dozi huamua utatulia juu kiasi gani. Muda wa kufika huamuliwa na nusu-uhai peke yake.

Ukitaka kufika upesi, unatoa dozi kubwa moja ya kuanzia, kisha unaendelea na ndogo za kawaida. Digoksini, dawa ya moyo, ina nusu-uhai ya kama saa 36 hata zaidi, kwa hiyo kwa dozi za kawaida tu mgonjwa atangoja wiki nzima. Ndipo daktari akihitaji haraka hutumia dozi ya kuanzia, kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kati ya kiasi cha digoksini kinachotibu na kinachodhuru pana nafasi ndogo sana.

Sasa tahadhari, na hizi ndizo zinazoulizwa kwenye mtihani.

Nusu-uhai si muda wa dawa kufanya kazi. Omeprazoli hubaki kwenye damu kwa nusu-uhai ya kama saa 1, lakini hunywewa mara moja kwa siku, maana imeshazifunga pampu za asidi za tumboni na pampu hizo hazifunguki. Aspirini nayo hutoka upesi, ilhali chembe sahani (chembe za kugandisha damu) ilizozigusa hubaki zimelemaa mpaka zife, siku 7 hadi 10.

Pili, angalia dawa inageuka kuwa nini. Zanzibar iliachana na klorokwini mwaka 2003 ikahamia artesuneti pamoja na amodiakwini. Ukiziwekea penseli utaona kwa nini ni mbili. Artesuneti huua vimelea kwa kasi kisha hupotea ndani ya saa chache. Amodiakwini yenyewe nayo haikai, ila ini huigeuza kuwa kitu chengine ambacho bado kinaua vimelea na hukaa siku nyingi, kikimalizia waliobaki. Anayeangalia nusu-uhai ya amodiakwini peke yake hatauelewa mchanganyiko huu.

Tatu, namba ya kitabuni ni ya mtu mwenye ini na figo nzima. Jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, ina nusu-uhai ya saa 2 hadi 3, lakini hutoka kwa figo bila kubadilishwa, na figo zikifeli huweza kuvuka siku nzima. Dozi za saa zile zile hapo zinarundikana, na wanaoumia ni masikio na figo zenyewe.

Nne, fenitoini, dawa ya kifafa, usiichore kabisa kwa njia hii. Vimeng'enya vyake, yaani vitu vya ini vinavyoibadilisha dawa, hujaa, na kuanzia hapo dozi ikiongezwa kidogo kiwango kinaruka sana. Haina nusu-uhai moja ya kuitaja.

Usiende hatua ya 5 kabla hujaichora ile ya 100 mg bila kuangalia hapa.

Hatua ya 5: Kipokezi

Kipokezi ni mahali kwenye seli ambapo dawa hushika ili ifanye kazi. Salbutamoli, dawa ya pumu, hukiamsha kipokezi kiitwacho beta-2, njia za hewa zinafunguka. Propranololi, dawa ya moyo na presha, hukikalia kipokezi hicho hicho bila kukiamsha, ndiyo maana mwenye pumu hapewi. Na usichanganye nguvu ya miligramu na uwezo wa dawa: kwa dawa za kukojoza, bumetanidi 1 mg hufanya kazi ya furosemidi kama 40 mg, lakini mwisho wa uwezo wao ni sawasawa.

Hatua ya 6: Dawa mbili pamoja

Anza na rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Huliamsha ini litengeneze vimeng'enya zaidi, kwa hiyo mama anayetibiwa kifua kikuu huku akinywa vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kushika mimba. Muulize mgonjwa anatumia nini kingine, na mitishamba uitaje kwa jina lake, maana wengi hawaihesabu kuwa ni dawa.

Ukimaliza, chukua jentamaisini urudie hatua zote sita, na kwenye hatua ya 4 chora mistari miwili: mmoja wa figo nzima, mmoja wa figo zilizofeli.