Kusahau ukiwa na MS: jinsi ninavyoshika mambo ya kazi na ya nyumbani

Mimi ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam, na ninaishi na ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao wenyewe tunauita MS. Watu huniuliza habari za miguu, kwa kuwa siku nyingine natembea na fimbo. Kinachonisumbua kuliko miguu ni kusahau. Nimeandika haya kwa mwenzangu mwenye MS aliyeanza kuona mambo yanamponyoka, na kwa anayeishi naye nyumba moja. Vifaa ni daftari, kalamu na simu yoyote yenye alamu.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Kwenye MS kinga ya mwili hushambulia mielini, yaani utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Utando ukiharibika, ujumbe husafiri polepole au hukatikia njiani. Ndiyo maana kwa wengi wetu kinachoguswa zaidi ni kasi ya kupokea na kuchambua mambo. Mtu anakueleza mambo matatu. Wewe bado unalitafuna la kwanza, la pili na la tatu yameshapita. Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1868, aliona hayo kwa wagonjwa wake: kumbukumbu dhaifu na mawazo yanayojengeka polepole. Kwa hiyo si uzembe, na hujarogwa.

Mimi nililielewa jambo hili kwa kitenge cha watu. Mteja alinipigia simu nikiwa nashona, akasema mikono ya gauni niifanye mirefu badala ya mifupi. Nikajibu sawa. Kesho yake nikakata mifupi, na kitenge kikishakatwa hakirudi. Alipokuja kuchukua akasema, "Dada, si nilikwambia?" Nilitafuta kichwani maneno hayo nisiyapate, hata alama yake. Nilikumbuka simu kuita, nilikumbuka na rangi ya uzi uliokuwa kwenye mashine. Maneno yenyewe hayakuwamo. Nililipa kitambaa, na usiku ule nikatambua kwamba kwa miezi mingi nilikuwa nahangaika kutafuta kichwani vitu ambavyo havikuwahi kuingia. Tangu hapo nguvu zangu nimezihamishia kwenye kuingiza.

Hatua ya 1: Andika ulichosahau, siku saba

Usianze na dawa ya kusahau kabla hujajua unasahau nini. Kwa wiki moja, kila unapogundua umesahau jambo, andika manne: jambo lenyewe, lilikufikia saa ngapi, ulikuwa unafanya nini wakati huo, na usiku wa kuamkia siku hiyo ulilalaje. Wiki yangu ilinionyesha kwamba karibu yote niliyosahau niliambiwa kwa mdomo, mashine ikiwa inakimbia, tena baada ya adhuhuri. Niliyosoma kwa macho sikuyasahau sana. Wewe utaona yako. Pengine ni majina, pengine ni vitu ulivyoviweka. Hatua zinazofuata zipe uzito kulingana na ulichokiona.

Hatua ya 2: Simamisha mguu

Hii ndiyo hatua iliyonisaidia kuliko zote. Mtu akianza kunieleza jambo, natoa mguu kwenye pedeli, mashine inanyamaza, naacha kitambaa, namtazama usoni. Kisha namwambia: "Ngoja nikusikilize vizuri. Moja moja." Sioni haya tena kulisema hilo. Wateja wengi hulichukua kuwa ni heshima.

Akimaliza jambo moja, namrudishia kwa maneno yangu mwenyewe: "Kwa hiyo mikono mpaka kwenye kiwiko, na shingo ya duara." Kurudia kama kasuku hakusaidii sana. Ukilisema kwa maneno yako, ubongo umelazimika kulishika. Halafu naandika akiwa bado amesimama, namwonyesha aone. Akipiga simu, namwomba anitumie kwa meseji, na kama hataki kuandika anirekodie sauti nitakayoisikiliza mara mbili.

Lipo zoezi dogo la kuongeza. Kabla ya kufungua daftari kutazama jambo, jiulize kwanza: nilisema nini vile? Jaribu kulivuta kichwani, ndipo ufungue uhakikishe. Fanya hivyo baada ya dakika moja, baada ya dakika kumi, halafu jioni. Kujisaili kwa vipindi hukaza jambo kuliko kulisoma mara kumi mfululizo. Majina nayafunga na picha. Tuseme mteja mpya anaitwa Mama Furaha: namwona kichwani akipigiwa vigelegele mlangoni kwangu.

Hatua ya 3: Daftari moja, basi

Zamani niliandika kwenye vikaratasi, nyuma ya risiti, kwenye kiganja. Kuandika nilikuwa naandika, ila sikujua nimeandika wapi. Nunua kaunta buku moja yenye jalada gumu, iwe na rangi kali inayoonekana hata ikiwa chini ya vitambaa.

Kwangu kila mteja ana ukurasa wake. Juu ni tarehe. Pembeni nabana kwa pini kipande kidogo cha kitambaa chake, kwa sababu jicho langu hulitambua ua la kitenge kabla sijalikumbuka jina. Vipimo navichukua kwa mpangilio uleule siku zote: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Nikiruka kimoja, pengo linaonekana na mteja hajaondoka. Chini yake mchoro wa mshono, pesa aliyotanguliza, iliyobaki, na siku ya kuchukua. Namba ya ukurasa naiandika kwenye karatasi naibana kwenye kitambaa chenyewe, kwa hiyo kitambaa na daftari vinajuana hata siku ambayo kichwa changu hakipo.

Mambo ya nyumbani nayaanzia nyuma ya daftari hilohilo: umeme wa LUKU, gesi, ada, dawa zinazokaribia kuisha. Wengine watakwambia uwe na daftari mbili. Mimi nakataa, ukiwa na mbili utatumia nusu saa kukumbuka jambo liko kwenye lipi.

Daftari lisilofunguliwa ni sawa na karatasi iliyopotea. Langu nalifungua mara tatu: baada ya chai ya asubuhi, baada ya chakula cha mchana, na kabla ya kulala. Nimeyafunga na mambo ambayo hayakosi kutokea kila siku. Ukiwa mtu wa swala, adhana inafaa sana kwa kazi hii.

Hatua ya 4: Saa ya simu na saa yetu

Hapa wengi tunaumia bila kujua. Tunasema saa nane mchana, simu inaandika 14:00. Niliwahi kuandika "kliniki saa 8", nikategesha alamu ya 8:00. Ikalia saa mbili asubuhi, nikashangaa, nikaizima, na saa nane ilipofika nilikuwa napiga pasi. Kichwa kilichochoka hakiwezi kuhesabu tofauti ya saa sita kila mara. Kwa hiyo weka simu kwenye mfumo wa saa 24, na kwenye daftari andika zote mbili kwa pamoja: "saa nane mchana, 14:00". Mtoto au jirani akutegeshee mara ya kwanza, kisha mhakikishe pamoja.

Alamu ipe maneno, tena maneno ya tendo. "Dawa" halitoshi. Andika "Simama, meza kidonge cha mchana". Na usiizime ukiwa umekaa. Ukiizima kwanza ndipo unyanyuke, njiani utakutana na jambo jingine na dawa imekwenda.

Hatua ya 5: Dawa, funguo, jiko

Dawa ziweke kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku za wiki. Chumba kikiwa kitupu, umekunywa. Kama bado una shaka, usirudie dozi kwa kubahatisha, muulize mfamasia au daktari wako.

Funguo, miwani na simu viwe na msumari au bakuli moja karibu na mlango, na nyumba nzima ijue.

Jikoni, ukilazimika kutoka wakati sufuria iko motoni, toka na mwiko mkononi. Utakapokuwa umesimama uani ukizungumza, mkono utakuuliza mwiko unafanya nini hapo.

Hatua ya 6: Joto na uchovu

Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliona kuwa wagonjwa wa MS huona ukungu wakijitaabisha mwili. Baadaye ikaeleweka kuwa kiini ni mwili kupata joto: neva iliyopoteza utando wake hupitisha ujumbe kwa shida zaidi joto likipanda. Kwa sisi wa pwani, miezi ya kaskazi ni mizito. Dalili hizo hupungua mwili ukipoa, hazimaanishi kwamba ugonjwa umepiga hatua mpya.

Kwa hiyo kukata kitambaa na kupiga hesabu nafanya asubuhi na mapema. Mchana nabakiza kazi za mikono tu, kama kupiga pasi kidogo kidogo, kutia vifungo, kukunja pindo. Kitambaa kibichi shingoni, maji ya baridi karibu, na kulala dakika ishirini kabla sijachoka kabisa. Ukisubiri mpaka uchoke, umechelewa.

Hatua ya 7: Ongea na wa nyumbani

Mume wangu alidhani simsikilizi. Ilichukua muda kumweleza kwamba anaponiambia jambo huku televisheni inaongea na mtoto analia, mimi napokea vipande. Sasa tuna makubaliano: aniite kwanza, asubiri nigeuke, aseme moja. Na asiniambie "umesahau tena" mbele ya watoto. Anauliza, "Mama, daftari linasemaje?" Swali hilo linanirudisha kazini bila kuniumiza.

Hatua ya 8: Mpelekee daktari

Usilibebeshe MS kila kosa. Usingizi mbaya, sonona, upungufu wa vitamini B12 na tezi ya shingoni (thairoidi) isiyofanya kazi vya kutosha, vyote huchafua kumbukumbu na vyote vina tiba. Baadhi ya dawa za kutuliza kibofu nazo huweza kuleta ukungu kichwani. Usiziache mwenyewe, uliza kama ipo nyingine. Kama kichwa kimebadilika ghafla, au dalili mpya imedumu zaidi ya saa 24, nenda hospitali. Watapima pia kama kuna homa au UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, maana maambukizi huamsha dalili za zamani.

Unaweza kuomba upimwe kasi ya kufikiri. Kipimo kimoja huchukua sekunde 90: unaonyeshwa alama tisa, kila moja na namba yake, nawe unataja namba za alama zinazofuatana kwenye karatasi. Kikirudiwa baada ya mwaka, mnaona kama mmesimama au mmeshuka.

Siku moja kabla ya kliniki, fungua ukurasa mpya wa daftari uandike maswali matatu tu, ukianza na kubwa kuliko yote, na chini ya kila moja acha nafasi ya jibu. Juu kabisa ya ukurasa huo mimi huandika mstari ninaomsomea daktari kabla sijakaa: "Naomba uzungumze polepole, ninaandika."