Somo: kupaka rangi tabaka juu ya tabaka

Wasanii wenzangu wa Kampala na mikoani habari zenu, leo ni abstrakti. Haina mtu haina nyumba, ni rangi tu, na ukiharakisha utapata matope matupu.

Kwanza andaa pa kupakia. Kanvasi bei yake mnaijua, mi natumia lubugo, ile nguo ya gome la mutuba, ila inakunywa rangi vibaya sana kwa hiyo ipake gundi nyeupe ya mbao yenye maji kidogo, mara mbili, na ikauke.

Pili weka rangi ya moto kote. Mi huweka nyekundu kama murram ya barabarani. Ngoja. Ishike na kiganja, ukisikia ubaridi bado ina maji ndani, usiguse.

Tatu hapa ndo kazi yenyewe, chukua bluu inayopitisha mwanga, ichanganye na midiamu ya akriliki, ule ute usio na rangi wa kuifanya rangi iwe nyepesi (sio maji mengi, itakuja kubanduka) mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, pitisha, alafu futa na kitambaa sehemu sehemu. Nyekundu haijaenda popote, iko chini inapasha ile bluu, unapata huzuni yenye joto ambayo bluu peke yake haitakupa hata umwage ndoo. Wiki tuliyomzika senga, shangazi yangu, nilipaka hivyo tabaka 11, pembeni nikaacha nyekundu ndogo kama ukucha, mpaka leo macho yangu yanaanzia pale.

Rudia tu. Nyeupe weka mbali, inaziba kila kitu. Mchoraji Mark Rothko (1903–1970) kule Marekani alirundika tabaka nyembamba hivi hivi, na alitaka watu wasimame karibu kabisa na picha.

MASWALI

– Mwalimu yangu imekuwa kahawia tupu, nimekosea wapi?
– Hukungoja dada. Zilikutana zikiwa mbichi.

– Naeza anza na akriliki alafu rangi ya mafuta juu?
– Ndio, ila usigeuze, akriliki juu ya mafuta haishiki.

– Kaka unajuaje imeisha?
– Naigeuza iangalie ukuta siku tatu. Nikiirudisha mkono ukatafuta brashi, bado. Ile ya senga mpaka sasa inaangalia ukuta.